Siku Redio Alipokataa Kusoma

Wenzake walimwita Redio, na si kwa sababu ya umbea. Umbea ulikuwa kazi ya Mama Pacha, naye aliifanya kwa moyo wake wote bila kuhitaji msaidizi. Mama huyu walimwita Redio kwa sababu kila siku baada ya chakula cha mchana, cherehani zikishazimwa, yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha dirishani, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akafungua kitabu na kuwasomea.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya hospitali, kimepakana na chumba cha dobi, kwa hiyo ukuta mmoja ulikuwa na joto mwaka mzima. Huko ndiko mashuka yaliyochoka yalikoletwa. Shuka la hospitali huchakaa katikati, pale mgonjwa anapolala, na pembeni hubaki zima. Basi mafundi walilichana kwa urefu, wakageuza zile pande nzima zikutane katikati, wakazishona, na sehemu iliyochakaa ikahamia pembeni ambako hailaliwi na mtu. Hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi, kazi ya cherehani, na kelele zake zilikuwa za kuziba masikio. Mchana ilikuwa zamu ya sindano ya mkono: kamba za magauni ya wagonjwa, vifungo, pindo za mapazia. Sindano ya mkono haina kelele. Hapo ndipo Redio alipowashwa.

Hakusoma bure. Fungu lake la magauni liligawanywa kwa wenzake, kila mmoja akashona la kwake na kipande cha Redio. Kwa hiyo walimdai usomaji kama wanavyomdai mtu kazi. Asiruke, asipunguze, asitie chumvi. Shangazi, mkuu wa chumba, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alikuwa akimwambia, "Mimi nimeshona kamba zako zote. Sitaki kusikia hadithi yenye tundu."

Redio alikuwa ameacha shule mapema, mambo ya nyumbani yalipokuwa magumu, lakini kusoma hakukumwacha. Alisoma karatasi za kufungia sabuni, alisoma maelezo ya dawa hadi mstari wa mwisho wenye herufi za kuumiza macho, akakosa usingizi kwa yale aliyoyakuta humo. Alikuwa mama wa wasiwasi. Mtoto akichelewa kidogo yeye alikuwa ameshamzika. Kitabu ndicho kitu pekee kilichomtuliza, kwa sababu ndani ya kitabu unaweza kwenda mbele ukaangalia kama watu watasalimika, kisha ukarudi kusoma taratibu. Na hilo alilifanya kila mara, nyumbani, kwa siri. Wenzake hawakujua.

Vitabu vyenyewe vilitoka mawodini. Watu hulazwa, husoma, hupona au hawaponi, na vitabu hubaki chini ya mito. Mwanzoni vilikuwa vile vya mabinti wenye nywele za rangi ya asali na wanaume wenye farasi. Walivisikiliza, wakalia palipotakiwa kulia, lakini ilikuwa kama kuchungulia arusi ya jirani juu ya ua. Muziki unausikia, sahani haikufikii.

Kisha siku moja mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akaacha mfuko mzima. Riwaya za siku hizi, nyingi zake za mapenzi, zilizoandikwa na watu weusi juu ya watu weusi. Kwenye jalada la kwanza palikuwa na mwanamke mweusi mwenye nywele za kusuka na pengo dogo mbele, anacheka. Mama Pacha alilichukua akalibusu.

"Huyu ana pua yangu," alisema. "Tazameni. Pua yangu hii imeingia kitabuni."

"Iliingiaje yote?" Shangazi aliuliza, na chumba kikavunjika mbavu.

Kitabu cha kwanza kutoka mfuko ule kilikuwa cha mjane muuza samani aliyependwa na mwalimu wa watoto wake. Mwalimu hakuwa na kitu. Alikuja na mkasi wake kumsaidia kukata vitambaa vya makochi, akakata vibaya, akakatazwa, akarudi kesho yake kujifunza. Basi. Redio alikisoma kwa furaha hata akasahau wasiwasi wake. Alipofika mwisho, Shangazi akasema, "Kirudie."

Lakini vingine vilianza kumchoma. Na vilimchoma zaidi ya vile vya farasi.

Kimoja kilimsifu binti kwamba alikuwa mrembo ingawa alikuwa mweusi. Redio alisimama papo hapo. "Ingawa ya nini?" aliuliza, akiangaza macho chumba kizima kana kwamba mmoja wao ndiye aliyeandika. "Nani alimwomba hiyo ingawa?" Kingine, mama wa kijana alikuwa mchoyo na mchawi wa maneno tangu mwanzo hadi mwisho, na Redio, akikumbuka vilivyotangulia, akaona kwamba humo mwote mama akiwa mwema hufa mapema, na akiwa hai ni fisi. Kingine kilimtaja fundi wa nguo. Wote walijiweka sawa vitini, maana ni wao. Fundi akasema, "Imekukaa vizuri, bibie," akatoka, hakuonekana tena mpaka kitabu kikaisha.

"Ndiyo zamu yetu imepita hiyo," Mama Pacha alisema. "Tungejua tungevaa vizuri."

Wenzake walicheka, Redio hakucheka. "Wale wa farasi wakitusahau nawaelewa," alisema. "Ni wageni, hawatujui. Huyu anatujua. Huyu ana mama, ana shangazi, nguo zake zilishonwa na mtu. Halafu anakaa chini na kalamu yake, anaandika kama hajawahi kutuona."

"Redio, soma," Shangazi alisema. "Kuhutubia hukulipwa."

Sasa, humo chumbani alikuwamo pia binti yake, kitinda mimba wake, nao walimwita Kitinda tu. Alikuwa ameanza kazi hapo si muda mrefu, amekaa mkabala na kapu la vifungo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na Shangazi, ambaye hamsifu mtu, alishamsifu. Jinsi mama yake alivyoliona jambo hilo, mtoto alikuwa ameshika kitu ambacho hakuna wa kumpokonya.

Kisha akaja Dereva.

Dereva aliendesha gari la hospitali la kupelekea mashuka kwenye zahanati ndogo. Alikuwa kijana msafi, shati limenyooka, na maneno yake yalikuwa na mafuta. Alimwita Redio "mama mkwe mtarajiwa" kabla hajatarajiwa na mtu. Alibeba marobota ya mashuka yasiyokuwa kazi yake. Na jambo lililowaua kabisa wenzake Redio ni namna alivyomfungulia Kitinda mlango wa gari. Kila jioni alishuka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa abiria kwa mikono miwili, Kitinda akapanda kama bibi harusi.

"Kama kitabuni," Mama Pacha alikuwa akisema, akishika shavu.

Redio alitazama naye. Kutazama ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Na alichokiona ni kwamba mlango ule haukuwa na kitasa ndani. Kilikuwa kimeng'oka, pamebaki tundu. Aliyekaa upande ule alishuka pale Dereva alipotaka ashuke.

Aliona na mengine. Simu ya Kitinda ilianza kukaa kwa Dereva mchana kutwa. Ati anamtunzia, huku kushona si ataiangusha. Kitambaa cha kichwa cha kijani, alichokipenda tangu shule, kilipotea, akasema kwamba hakikumkaa vizuri, na hayo maneno hayakuwa yake. Mama alijaribu kusema siku moja, wakiwa jikoni, akamtolea uvivu. Kitinda aliweka sahani chini.

"Wewe humpendi kwa sababu ananipenda," alimwambia.

Tangu hapo alikula chumbani kwake kwa muda mrefu, na kila alipotajwa Dereva alimtetea hata pasipokuwa na mashtaka. Mama akaelewa kwamba kila neno lake lilikuwa likimsukumia mtoto mlangoni mwa gari lile. Akaumeza ulimi. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa kama kumeza kokwa.

Ndipo walipoanza kitabu cha Mwenye Kampuni.

Mwenye Kampuni alikuwa mwanamume mweusi, tajiri, mabega mapana, mwenye majengo mji mzima, naye alimpenda binti mmoja mpiga chapa. Chumba chote kilimpenda, na sababu yake ilikuwa Redio mwenyewe. Maana Redio hakusoma kama mtu anayesoma tangazo. Alitoa sauti. Mzee alimpa kikohozi, mtoto alimpa sauti ya puani, na huyu Mwenye Kampuni alimpa sauti ya chini, nzito, ya taratibu, ambayo aliichukua kwa marehemu mume wake, mtu mpole ambaye maisha yake yote hakuwahi kumfokea hata paka. Mwenye Kampuni aliposema, "Nimekufuata," kwa sauti ile, sindano zilisimama. Kitinda aliinamisha kichwa, akatabasamu na kifungo mkononi.

Jumatano, wakati wa kuanua mashuka uani, Redio alikuwa nyuma ya kamba, amefunikwa na shuka hadi miguuni. Upande wa pili, kwenye bomba, Kitinda alikuwa akimsimulia Mama Pacha.

"Jana tumefika nje ya nyumba," Kitinda alisema, "akazima gari akakaa. Nikamwambia nifungulie, mama ananingoja. Akasema hafungui mpaka nimwambie nitaacha kazi. Nikadhani anatania. Giza likaingia."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nitaacha. Ijumaa namwambia Shangazi. Anasema mkewe hawezi kushinda anashona nguo za wagonjwa."

"Sasa huyo si Mwenye Kampuni mwenyewe?" Mama Pacha alisema. "Wengine tulifunguliwa milango tutoke, hakuna hata aliyetuuliza tunakwenda wapi."

Wakacheka wote wawili. Kicheko cha Kitinda kilikuja nyuma kidogo ya mwenzake.

Redio alibaki na shuka limemganda usoni. Aliikumbuka jioni ile. Alikuwa jikoni, amesikia gari likizimwa, amengoja mlango ugongwe, amepasha chakula moto tena na tena, na moyo wake, uliokuwa umezoea kumzika kila mtoto anayechelewa, kwa mara ya kwanza ukamdanganya kwamba hakuna neno, si wako nje hapo.

Mchana wa Alhamisi, Shangazi aligawa magauni, akavuta kiti. "Redio, washa."

Akawasha. Palikuwa ndani ya ofisi ya Mwenye Kampuni. Mpiga chapa amekuja kuaga, amepata kazi mahali pengine, amesimama na mkoba begani. Mwenye Kampuni akapita nyuma yake, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Redio alijua yajayo, maana alishatangulia nyumbani kuangalia. Lakini kusikia maneno yakitoka kinywani mwake mwenyewe kulikuwa jambo jingine. "Hutoki humu," alisoma kwa ile sauti nzito, tamu, kwa mazoea tu, "hutoki humu mpaka useme unanipenda." Akainua macho. Kitinda alikuwa anatabasamu.

Redio akafunga kitabu, kidole kikabaki ndani.

Walingoja. Walidhani anapaliwa.

"Imekata," Mama Pacha alisema. "Mgongeni mgongoni, labda ni betri."

"Sisomi," Redio alisema.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sisomi huu upuuzi. Mtu kamfungia binti wa watu, katia ufunguo mfukoni, na sisi tumekaa hapa tunalegea kama mkate kwenye chai."

"Ni mapenzi hayo, dada," Mama Pacha alisema. "Mwanamume amezidiwa."

"Amezidiwa na nini? Mimi nikizidiwa nalala. Mapenzi gani yanataka ufunguo? Na binti analia. Si maneno yangu, imeandikwa hapa, analia. Halafu mstari unaofuata moyo wake unayeyuka. Unayeyuka kwa nini? Ni siagi?"

"Umejuaje mstari unaofuata?" Shangazi aliuliza polepole.

Redio aliona aibu, kisha hasira ikaishinda. "Nimeshakisoma. Vyote huwa navisoma kwanza. Mkitaka mniue. Na nitawaambia na mwisho: anaolewa naye. Ile kazi aliyopata haitajwi tena. Anakaa kwenye nyumba yenye bwawa la kuogelea, na tangu mwanzo hadi mwisho hakuna mtu aliyemuuliza anataka nini, hata aliyemwandika hakumuuliza." Aligeuza kitabu, akawaonyesha picha iliyokuwa nyuma. "Huyu hapa. Mwanamke. Mweusi kama mimi. Ana hereni nzuri. Anacheka. Namuuliza kila siku, mwanangu, unacheka nini?"

"Usimtukane mtu hajakukosea," Shangazi alisema.

"Amenikosea. Angekuwa mgeni nisingemsemesha. Nilimfungulia huyu kitabu kama ninavyomfungulia mtu wa nyumbani."

Shangazi aliweka sindano kwenye mto wake. Naye uso ulikuwa umekaza. "Sikiliza. Kazi ni kazi. Tumeshona magauni yako tangu Jumatatu. Kitabu kikikuudhi unasoma umeudhika. Huwezi kutukatia katikati kwa kuwa wewe ulishakwenda ukaona mwisho peke yako. Soma, au nifumue zile kamba nikurudishie."

"Fumua."

Hapo chumba kiliingia baridi, licha ya joto la dobi. Hao wawili walikuwa wamekaa meza moja miaka na miaka bila kukwaruzana. Mama Pacha, ambaye ugomvi ulikuwa chakula chake, alijifanya anatafuta uzi chini ya meza.

"Nipe mimi nisome," Kitinda alisema.

Mama yake hakutaka. Alikishika kitabu kama mtu aliyeshika kisu na mtoto anaomba. Lakini hasira ina kiburi chake, na wote walikuwa wakimtazama. "Haya," alisema. "Chukua. Soma mapenzi yako."

Kitinda hakuwa msomaji. Alisoma kama alivyofundishwa darasani, kidole chini ya neno, neno moja baada ya jingine, bila kupanda wala kushuka.

"Hutoki. Humu. Mpaka useme unanipenda."

"Tia sauti basi, mwanangu," Mama Pacha alisema.

"Sauti ya nani?"

"Ya Mwenye Kampuni. Ile."

Kitinda aliangalia ukurasa, akaangalia juu, akaangalia chini. "Hapa hakuna sauti," alisema. "Ni maneno tu." Akaendelea. "Nifungulie, alisema. Hapana, alisema. Ninafanya hivi kwa ajili yako. Lete simu yako. Wewe hujui dunia ilivyo."

Akakwama. Hakukwama kwa neno gumu, hakukuwa na neno gumu hapo. Alirudi nyuma, kidole kikarudi nyuma, akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mama Pacha aliacha kutafuta uzi. Yeye alikuwa ameyasikia hayo maneno kwenye bomba, uani, yakisimuliwa kwa kicheko, na sasa yalikuwa yamekaa katikati ya chumba bila kicheko na bila ile sauti ya marehemu, makavu kama amri ya askari.

"Alilia," Kitinda alisoma. "Moyo wake ukayeyuka. Akamkumbatia." Akafunua ukurasa uliofuata, akaurudisha. "Shangazi, hapa katikati hakuna kitu."

"Katikati wapi?"

"Analia, halafu anayeyuka. Hawakuandika kilichotokea katikati. Alikuwa analia."

"Labda pamechanika. Lete nione." Shangazi alikichukua, akakisogeza dirishani, akapitisha kidole kwenye mshono wa kitabu kama anavyokagua shuka. Akaangalia namba za kurasa. Akakaa nacho kitambo. "Hapajachanika," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Ndivyo alivyoandika."

Redio alikuwa akimtazama mwanawe. Kitinda aliokota gauni lake akaendelea na kifungo alichokiacha.

Honi ikalia nje, mara mbili. Kwa kawaida honi ya pili haikuwahi kumkuta Kitinda amekaa. Leo alizungusha uzi kwenye kifungo, akafunga fundo, akakata kwa meno. Honi ikarudia. Mwisho Dereva akaingia mwenyewe, anatabasamu, ufunguo unaning'inia kidoleni.

"Mama mkwe mtarajiwa, shikamoo. Shangazi, shikamoo. Mbona kimya, kuna msiba?"

"Marahaba," walisema.

"Twende, bibie. Umeshazungumza na Shangazi, au tungoje hadi kesho?"

"Naomba simu yangu," Kitinda alisema.

"Iko garini. Iko salama."

"Kailete."

Dereva akacheka, akawageukia wanawake ili wacheke naye. Siku zote walikuwa wakicheka naye. Shangazi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Mama Pacha, aliyemsifia kuliko wote, alimtazama usoni akasema, "Si ameomba simu, baba? Kailete."

Alikwenda, akarudi nayo, tabasamu limelegea upande mmoja. Kitinda aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitia mfukoni.

"Na kile kitasa cha ndani," aliuliza, "kitatengenezwa lini?"

"Kitasa kipi tena? Si nakufungulia mimi?"

"Ndiyo. Kitatengenezwa lini?"

"Gari si langu, ni la hospitali."

"Basi likishatengenezwa utaniambia. Leo narudi kwa miguu na mama."

Dereva alimgeukia Redio, na adabu yote ya mama mkwe ikamwishia usoni. "Mama, umemwambia nini mwanao?"

Redio alikuwa na maneno. Alikuwa ameyaweka tangu siku ya jikoni, yamepangwa safu kwa safu, na mengine yalikuwa mazuri sana. Aliyatazama yote, akayaacha.

"Mimi?" alisema. "Mimi leo sikusoma."

Walisikia gari likiondoka kwa kishindo, mlango wa abiria ukigonga, maana haukufungwa vizuri.

Njiani Redio alijikaza asiseme. Walipita nyuma ya stendi, wakapita kwa wauza ndoo, na alikuwa kimya hata Kitinda akamtupia jicho kuona kama ni mzima.

"Yule mpiga chapa," Kitinda alisema mwishowe, "ile kazi nyingine aliyopata ilikuwa ya wapi?"

"Hawakusema," mama yake alisema, na hasira ikampanda upya hapo hapo barabarani. "Unaona? Kurasa zote zile za mabega ya mwanamume, kifua cha mwanamume, manukato ya mwanamume, na hawakupata nafasi ya kusema kazi ya mtoto wa watu ilikuwa ya wapi. Bwawa la kuogelea wamelieleza mpaka vigae vyake. Mimi nikimpata yule mama wa hereni..."

"Utamfanya nini?"

"Nitamketisha pale kwenye kapu la vifungo. Atasoma mwenyewe, kwa sauti, bila kutia sauti."

Kitinda akacheka, na safari hii kicheko hakikuchelewa. Lakini mama yake hakujidanganya. Alijua kwamba Dereva atapiga simu usiku, na simu sasa iko mfukoni mwa mwenyewe. Alijua kwamba kesho kuna Ijumaa, na mtu aliyekubali kitu mlango umefungwa anaweza kukikubali tena ukiwa wazi. Alilala jicho moja. Safari hii hapakuwa na kurasa za mbele za kwenda kuchungulia.

Ijumaa Shangazi aligawa kazi kama kawaida, na mbele ya Redio akaweka fungu kamili la magauni, kamba zote zimefumuliwa. Neno ni neno. Redio akalivuta bila kulalamika, akaanza kushona. Kitabu cha mjane muuza samani kilikuwa dirishani, hakijafunguliwa. Mama Pacha alijaribu kuimba, akaambiwa anyamaze.

Kabla ya kufunga, Shangazi alisimama mbele ya kapu la vifungo, mikono nyuma.

"Nasikia una neno la kuniambia leo," alimwambia Kitinda.

Redio alijichoma sindano, asisikie maumivu.

"Ninalo," Kitinda alisema. Alikuwa amejifunga kile kitambaa cha kijani. "Uzi mweupe umekwisha. Na Jumatatu yale mapazia ya wodi ya watoto yatakuwa yamefika."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Akaenda kwenye meza ya Redio, akachukua nusu ya lile fungu la magauni akaitia kwapani kwake, akarudi kwenye kiti chake na kuketi.

"Haya, Redio," alisema. "Tumekaa kimya vya kutosha. Washa. Na lile la kwenda mbele peke yako ukaangalia mwisho, tutakuja kulizungumza."